Talaka ya Sola

Wiki iliyopita niliwaacha hospitalini. Binti yangu Barni amelazwa, sindano ya maji imeingizwa mkononi, na daktari ameinua chupa ya insulini kwenye mwanga wa dirisha akiniuliza, "Mama, hii dawa iliganda?"

Iliganda. Na tangu msome hilo, simu yangu haijatulia. Wasomaji wawili wameniambia mimi ni mke mdogo mwenye wivu. Mmoja wa Wajir ameniomba niache kumchafua mke mwenzangu gazetini. Subirini kwanza. Mkimaliza ya leo mtanitukana, na mtakuwa na haki.

Kwa anayeingia leo, mimi ni Fowsiya. Naishi Garissa, kwenye bulla, yaani mtaa, ulio nyuma ya soko la mifugo. Mume wangu Yonis ni dereva wa lori la Mandera na ana wake wawili. Kaaha ni mke mkubwa, hakujaliwa mtoto. Mimi ni mdogo, nina Barni wa miaka minane, na Barni ana kisukari kile cha kudungwa sindano kila siku.

Serikali ilileta mpango wa sola. Paneli, betri na friji ndogo, nusu ya bei inalipwa na serikali na nusu unalipa polepole kwa simu. Nyumba moja, friji moja. Sasa shida ni kwamba serikali inahesabu nyumba kwa mume, na sisi tunahesabu nyumba kwa mke. Yonis alijiandikisha, friji ikaja, ikaenda kwa mke mkubwa kama desturi inavyotaka. Dawa ya mtoto wangu ikawekwa huko. Kaaha akaona friji inagandisha vizuri, akaanza kuuza barafu, akazungusha kile kidude cha baridi hadi mwisho.

Insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Hilo hatukulijua. Nilimdunga mtoto dawa mfu siku tano.

Mtauliza kwa nini sikujiandikisha mwenyewe. Sina kitambulisho. Mwaka ule wa ukame mkubwa, mama alitutoa kwetu Sangailu akatupeleka kambi ya Dadaab, akatuandikisha kama wakimbizi ili tupate unga. Niliweka vidole vyote kumi kwenye mashine na nikafurahi, maana siku hiyo tulikula. Hadi leo kompyuta ikiona dole langu inasema mimi ni mkimbizi, mimi niliyezaliwa Kenya na mama aliyezaliwa Kenya. Jina langu liko kwenye orodha ya wanaosubiri kufutwa kutoka vitabu vile. Nimeambiwa nikae kimya, nisipatikane na kosa lolote.

Basi. Tuendelee.

Barni aliruhusiwa Jumatatu. Tulipewa dawa ya miezi miwili kwa mkupuo, kwa sababu haijulikani nyingine itafika lini. Daktari akasema mtungi wenye maji unaweza kulinda chupa moja inayotumika, lakini hizo nyingine zinataka friji. Na mtungi wenyewe unataka maji, na bomba la bulla yetu lilikuwa kavu wiki ya tatu. Tulikuwa tunangoja mkokoteni wa punda kama watu wanaongoja mgeni.

Alasiri hiyo hiyo Kaaha alikuja. Hakuingia, alisimama mlangoni.

"Abaayo, dada yangu, anaendeleaje?"

"Yuko hai," nikamjibu.

"Ni mimi. Najua ni mimi."

Sikumwambia hapana. Ningeweza kumwambia kwamba hakujua, na ilikuwa kweli hakujua. Nilimwacha asimame pale na hatia yake, na nilifurahi, Mungu anisamehe.

Akatoa kitambulisho kwenye fundo la nguo yake. "Chukua jina langu. Friji yangu iko kwa jina la Yonis, hiki changu hakijatumika. Kesho naenda naweka dole, na ikija inafungwa kwako. Mtoto apate dawa yake humu humu ndani."

"Watakubali? Wewe ni mke wa Yonis. Wao wanahesabu mume."

"Nitasema nakaa peke yangu. Si uongo. Nyumba yangu ni yangu, na yeye yuko barabarani mwezi mzima."

Kisha akanishika mkono, na hapa nawaomba msome polepole.

"Lakini neno la talaka lisitajwe," akasema. "Si na mimi, si na Yonis, hata kwa mchezo. Unajua limebaki moja."

Nilijua. Kaaha aliniambia mwenyewe mwaka jana, akinisuka nywele. Yonis alishamtamkia talaka mara mbili. Ya kwanza aliitamka kwa hasira juu ya ngamia aliyeuzwa, ya pili kwa sababu Kaaha alisafiri Mandera kumzika mama yake bila kumngoja. Mara zote mbili alijuta na akamrejea kabla eda haijaisha. Sisi tulikuwa tukimcheka Kaaha kwamba Yonis akiinua sauti tu, yeye anachukua ndoo na kutoka nje. Kumbe alikuwa anaondoka ili neno la tatu lisipate mtu wa kumwangukia. Likishatamkwa la tatu hakuna kurejeana tena.

"Halitatajwa," nikamwambia. "Wallahi."

Niliapa kwa mdomo huu.

Jumanne tulikuwa kwenye ofisi ya sola mapema, na foleni ilishafika kwenye geti. Ilipofika zamu yetu tulimkuta karani, dada mmoja kutoka Machakos, mpole, macho yamechoka. Alikuwa na kompyuta ndogo na mashine ya dole.

"Jina, mama?"

"Kaaha."

"Unakaa na nani?"

"Mimi nakaa beke yangu," Kaaha akasema kwa Kiswahili chake. "Nyumba yangu iko beke yake. Bwana iko safari."

"Na huyu?"

"Ni dada yangu," Kaaha akajibu, na akaniwekea mkono begani.

Akaweka dole, akapigwa picha. Hapo adhana ya adhuhuri ikaanza. Kaaha akaniambia nikae na karatasi, yeye aende akaswali kisha arudi. Akatoka.

Karani akaendelea kubonyeza, halafu akasimama. "Hapa kuna shida. Huyu mama ameandikwa chini ya mtu anaitwa Yonis. Mke wake. Na Yonis ameshapata sola."

"Hawakai pamoja," nikasema.

"Mashine haina mahali pa kuandika hivyo. Ina hajaolewa, ameolewa, mtalaka, mjane. Akiwa ameolewa, inakataa. Kama ni mtalaka, mume athibitishe kwa simu, nifunge. Na leo saa saba naondoka, wiki ijayo niko Mandera."

"Wiki ijayo si utarudi?"

"Awamu ya Garissa inaisha leo, mama."

Simu yake haikuwa na mtandao. Akaniomba niipige namba ya Yonis kwa simu yangu.

Yonis alipokea kwenye mlio wa pili. Alikuwa Mandera, lori linapakiwa, kelele za wapagazi zinaingia. Karani hakujua Kisomali. Nilimweleza mume wangu kila kitu kwa haraka, na mwisho nikamwambia, "Sema tu ndiyo, umemwacha. Ni ya karatasi. Mungu anajua nia yako."

Nilisikia akisogea mbali na lori.

"Fowsiya, Kaaha yuko hapo?"

"Anaswali."

"Hilo neno halitoki mdomoni mwangu. Umenisikia? Nikifika nitauza ngamia yule dume, nitamnunulia mtoto friji dukani. Nyumba ya Kaaha siivunji."

"Mtoto atakufa ukimngoja ngamia wako."

"Sisemi. Na wewe usi..."

Ikakatika. Mtandao wa kwetu mnaujua. Nilikaa na simu sikioni, haina mtu ndani, na karani ananitazama na vidole vyake viko juu ya kompyuta.

"Amesema nini?"

Wasomaji, nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema simu imekatika, tujaribu tena. Nilifikiria mashavu ya Barni yalivyokuwa kitandani, yamekauka, na pumzi yake inanuka kama tunda lililooza. Na nitasema yote, kwa kuwa hapa si mahali pa kujipamba. Nilifikiria pia barafu. Nilifikiria vile vifuko vya barafu alivyouza Kaaha, na watu wakivinyonya barabarani.

"Amesema ndiyo," nikajibu. "Amemwacha."

Karani akabonyeza. "Pole kwa dada yako," akaniambia.

Kaaha alirudi, paji la uso bado lina vumbi la sijda. Akaniuliza, "Wameandikaje?"

"Wameandika unakaa peke yako."

Kaaha hajui kusoma. Aliichukua ile karatasi, akaikunja vizuri, akanipa niihifadhi.

Mafundi walikuja Jumatano. Mambo ya serikali huchelewa, lakini siku unayoomba yachelewe yanakuja mbio. Wakapanda juu ya mabati, wakafunga paneli, wakavuta waya, wakaweka friji pembeni ya kitanda cha Barni. Fundi mmoja akabandika ukutani, juu ya betri, karatasi iliyotiwa plastiki. Akasema isitolewe, wakaguzi wakija wataidai.

Friji ilipoanza kuunguruma, Barni aliweka shavu lake mlangoni mwake akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho wiki mbili. Kaaha alipanga zile chupa mwenyewe kwenye rafu ya katikati, mbali na barafu. Halafu akazungusha kidude cha baridi, daktari akimwelekeza kwa simu yangu, na kilipokaa sawa akakifunga kwa uzi mwekundu mafundo matatu.

"Mtu akigusa huu uzi, nitamkata mkono," akamwambia Barni.

"Hata wewe, hooyo Kaaha?" Barni akauliza, maana yeye hutuita sote wawili hooyo, mama.

"Mimi wa kwanza."

Nililala vizuri siku ile. Nawaambia ukweli, nililala kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Nilijiambia Yonis akija nitamweleza, atanifokea siku mbili, tutakwenda kwa sheikh, tutaulizwa, Yonis atasema hakutamka, na mambo yataisha. Karatasi itabaki karatasi. Sikuona mtu niliyemuumiza.

Alhamisi saa nne asubuhi simu ililia. Namba ngeni.

"Wewe ni mke wa Yonis, dereva?"

"Ndiyo."

"Mimi nina duka hapa Elwak. Dada, kaa chini."

Sikukaa. Akaniambia nikiwa nimesimama. Mvua ilinyesha mbali, juu huko Ethiopia, kwao hapakuwa na hata wingu. Yonis alifika kwenye laga, ule mto wa msimu, akaiona kavu, akaingia. Maji yalikuja na lori liko katikati. Yeye na utingo wake, wote wawili. Walitolewa asubuhi, na wazee wa pale walikuwa wameshamwosha.

"Tunamzika adhuhuri," akasema. "Tulipiga namba ya ndugu yake tukampata. Akasema tuzike."

Nikamuuliza swali ambalo hadi leo naona haya kulikumbuka. Nikamuuliza, "Alizungumza na mtu yeyote tangu juzi?"

"Dada, mlingoti wa simu wa hapa umekufa wiki nzima. Mimi nimepanda kilima kukupigia."

Nilimlilia Yonis. Msidhani sikumlilia. Alikuwa mwanamume wa hasira za karibu na huruma za karibu zaidi, na alikuwa akimletea Barni ndala mpya kila safari hata kama za zamani hazijachakaa. Lakini katikati ya kilio nilijua jambo lingine. Duniani tulikuwa watu wawili tunaojua kilichosemwa kwenye ile simu. Sasa nimebaki mmoja.

Kaaha alijifunga nguo nyeupe ya mjane siku hiyo hiyo, na mimi nikajifunga yangu. Tulikaa pamoja nyumbani kwangu kwa sababu Barni alikuwa huko. Wanawake walikuja na chai na maziwa ya ngamia. Kaaha hakulia kwa sauti. Alikuwa akisema tu, "Hakuniacha peke yangu bila kunirejea, hata mara moja. Safari hii ameshindwa."

Jumamosi alasiri Bishar aliingia. Bishar ni kaka mkubwa wa Yonis, ana duka la bidhaa za jumla, na nyumba anayokaa Kaaha inaangalia barabara. Amekuwa akiitamani kwa muda mrefu kuifanya stoo. Alikuja na Sheikh Abdilatif na wazee wawili ili kupanga mambo ya marehemu. Walikaa kwenye mkeka. Bishar alibaki amesimama, anaikagua friji.

"Hii nayo ni ya Yonis?"

"Ni ya serikali, adeer," nikamjibu kwa jina la heshima la ami. "Ni ya dawa ya mtoto."

Akainama kusoma ile karatasi ya ukutani. Nilimwona akiisoma. Niliona mdomo wake ukitembea, halafu ukasimama, halafu ukarudi nyuma mstari mmoja.

Akageuka taratibu. "Sheikh, njoo uone."

Sheikh Abdilatif alivaa miwani. Akasoma kwa sauti, jina la Kaaha, namba ya kitambulisho, kisha, "Hali ya ndoa, mtalaka. Imethibitishwa na mume kwa simu, Jumanne."

Kaaha alikuwa anammenyea Barni machungwa. Kisu kikasimama.

"Jumanne," Bishar akasema. "Yonis amekufa Alhamisi. Na sote tunajua alikuwa ameshatamka mbili, mimi nilikuwa msuluhishi wa zote. Hii ni ya tatu. Kwa nini huyu mwanamke amevaa nyeupe?"

"Yonis hakuniacha," Kaaha akasema.

"Karatasi ya serikali inasema alikuacha."

"Sijui kusoma karatasi. Namjua Yonis."

Sheikh akaomba watu watulie. Ni mtu wa haki, siwezi kumsingizia. Akaeleza polepole ili hata wanawake wa nje wasikie. Kama Yonis alitamka la tatu akiwa hai, Kaaha si mjane. Hana eda ya mjane wala fungu katika mirathi, na nyumba ile inarudi kwa warithi. Atarudi kwao Mandera. Kama hakutamka, Kaaha ni mjane sawa na mimi, na hakuna wa kumgusa.

"Nani alizungumza naye kwenye simu?" akauliza.

Kaaha akanitazama. Halikuwa jicho la kunishtaki. Aliniangalia kama mtu aliyezama anavyomwangalia aliye ukingoni.

"Fowsiya," akasema. "Fowsiya ndiye alikuwa na simu. Mwulizeni Fowsiya, atawaambia hakusema."

Bishar akacheka kidogo, kicheko cha dukani. "Hata mimi nataka aseme. Maana kama Yonis hakutamka, basi hii karatasi ni ya uongo. Mke wa mtu ameandikishwa mtalaka ili apate sola ya serikali mara ya pili. Jumatatu naipeleka kwa chifu mwenyewe. Watakuja kung'oa hiyo friji mchana kweupe, na watauliza nani aliyedanganya." Akanigeukia. "Na aliyedanganya hana hata kitambulisho. Jina lake linangoja kufutwa kwenye vitabu vya wakimbizi, sivyo? Sijui wakisikia hili kama watalifuta au watalikoleza wino."

Hapo nikajua yote aliyokuwa ameyapanga, na kwamba hakuhitaji hata kupandisha sauti. Nikisema kweli, wanachukua friji, na jina langu halitoki Dadaab maisha yangu yote. Nikisema uongo, friji inabaki, na Kaaha anatupwa nje. Na wajane tungekuwa wawili wa kugawana fungu moja, sasa ningebaki peke yangu. Hata hilo lilipita kichwani mwangu. Nawaambia lilipita.

"Fowsiya," Sheikh akasema. "Yonis alitamka?"

Ulimi haukusogea.

"Nimekuuliza, binti yangu. Alitamka au hakutamka?"

Barni alikuwa kwenye kitanda, magoti ameyakunja, mgongo wake umeegemea friji. Kaaha akamtazama Barni. Akaitazama ile karatasi ya ukutani asiyoweza kuisoma. Halafu akanitazama mimi, kwa muda mrefu, na niliona kwenye uso wake jambo likiingia na kukaa. Alikuwa ameelewa. Hakuna aliyemwambia, alinisoma mimi.

Akasimama. Akaifungua ile nguo nyeupe kichwani, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mkeka mbele ya Sheikh. Chini yake alikuwa na shela yake ya kila siku, ya kahawia.

"Msimuulize," akasema. "Niliachwa."

Wanawake wa mlangoni wakashika midomo. Bishar akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kaaha," Sheikh akasema, "ulimsikia kwa masikio yako?"

"Sikumsikia."

"Basi unakubali nini? Dakika mbili zilizopita ulisema hakukuacha."

"Nimekubali. Mwanamke akikubali si inatosha?"

"Haitoshi. Kuna haki yako hapa, na kuna haki ya maiti. Siwezi kumwandikia maiti neno ambalo labda hakulisema." Akavua miwani. "Aliyesikia ni mmoja. Fowsiya, nenda ukatawadhe. Utaweka mkono juu ya msahafu na utatuambia."

Nilitoka nje. Nyuma ya nyumba tuna dumu la maji tulilokuwa tumeliwekea sufuria juu ili punda wa watu wasilifikie. Nilichuchumaa, nikasahau kinachoanza. Kaaha akaja nyuma yangu na birika. Akaanza kunimiminia maji mikononi, kidogo kidogo, kama anavyomfanyia Barni.

Nikaosha mikono. Nikasukutua. Nikaosha uso.

"Abaayo," akasema chini kwa chini. "Nataka kujua mimi tu. Wale wa ndani usiwajali. Alisema nini?"

Sikuweza kumdanganya akiwa na birika mkononi.

"Alikataa," nikamwambia. "Nilimwomba, akakataa. Alisema atauza ngamia dume. Alisema nyumba yako haivunji. Mimi ndiye niliyesema."

Maji yakasimama. Nilibaki nimenyoosha mkono wa kulia, kiwiko juu, sithubutu kuinua macho. Nilingoja anipige na lile birika. Niliomba anipige.

Kisha maji yakaanza tena kumiminika. Yakapita kiwiko cha kulia, kiwiko cha kushoto. Nikapaka kichwa. Akaniinamia kunimiminia miguuni, na tone moja la joto likaniangukia juu ya mguu, halikutoka kwenye birika.

"Basi alinipenda," Kaaha akasema. "Hiyo inanitosha, naweza kwenda nayo Mandera." Akainuka, akajipangusa uso kwa shela. "Mimi sina mtoto, Fowsiya. Ile dawa niliigandisha mimi. Ingia ukaape kwamba alitamka."

"Kaaha, ni msahafu."

"Najua ni nini."

"Nitaungua."

"Hata mimi naogopa," akasema. "Ingia."

Niliingia na mikono ikidondosha maji. Sheikh Abdilatif alikuwa ameuweka msahafu juu ya mto safi. Bishar alisogea mbele ili asikie vizuri. Kaaha alibaki mlangoni na birika tupu, na Barni, mtoto wangu, akateremka kitandani akaenda kumshika mkono.

Nikaweka kiganja changu juu ya jalada. Sheikh akaniuliza mara ya tatu kama Yonis alitamka, na safari hii ulimi wangu ukasogea. Nilichosema nitawaambia wiki ijayo.